Tumbo la Jumatatu

*"Bibi, binti yangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza hapa Tanga. Tangu shule zifunguliwe, kila asubuhi analia tumbo. Mara nyingine anatapika chai palepale getini. Nikimrudisha nyumbani, saa nne yuko nje anacheza rede. Jumamosi haumwi. Tumempima minyoo, malaria na mkojo, hakuna kitu. Mume wangu anasema ni uongo, dawa yake fimbo. Mama mkwe anasema amepatwa na kijicho. Mimi nimechelewa kazini mpaka bosi ameniandikia barua. Nifanyeje? Mama Z., Tanga."*

Mama Z., pole sana, mwanangu. Kuchelewa kazini kwa ajili ya mtoto na bado usijue kama unamsaidia au unamharibu, hilo peke yake linachosha.

Nimerudia mara kadhaa pale ulipoandika kwamba Jumamosi haumwi. Umeliandika kama ushahidi dhidi ya mtoto. Mimi naona hapo ndipo Z. amekuonyesha shida yake iko wapi.

Tumbo linauma kweli

Mtu akiingiwa na hofu, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia kwenye misuli, na kazi ya tumbo inasimamishwa kwa muda. Ndiyo maana chai inarudi. Wewe mwenyewe siku ulipokabidhiwa ile barua na bosi, tumbo lilikuwaje? Mtu mzima atasema ana wasiwasi. Mtoto wa miaka sita hajui kulisema hilo, anachojua ni kwamba tumbo linauma. Wengine kichwa kinawauma, wengine wanarudia kukojoa kitandani, na wengine wanakuwa wakali, wanarusha viatu, tukasema wana kiburi.

Wala Z. si wa ajabu. Mwaka 1958 daktari John Apley wa Bristol, Uingereza, na mwenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa shule 1,000. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na maumivu ya tumbo yanayojirudia, na tangu hapo madaktari wanajua kwamba kwa wengi wa watoto hao hakipatikani kiungo kinachoumwa. Apley aliacha pia kipimo kisicho na gharama: mwambie mtoto aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma. Kadiri kidole kinavyokwenda mbali na kitovu, ndivyo unavyopaswa kurudi hospitali. Rudi pia, bila kusubiri, ukiona homa, damu kwenye choo, kupungua uzito, au maumivu yanayomwamsha usiku. Na kama hajawahi kupimwa selimundu, omba apimwe.

Hakikisha hakuna la kuogopwa

Kabla hatujasema anaogopa bure, tujue shuleni kuna nini. Ukimuuliza "shuleni kuna shida gani?" atakujibu "hakuna", na mazungumzo yataishia hapo. Muulize wakati unamsuka, macho yenu hayakutani: dawati moja unakaa na nani? Ukibanwa na haja unamwambia nani? Choo kina mlango? Wakati wa mapumziko unakuwa wapi? Nani anakupakia kwenye bodaboda? Nimepokea barua nyingi za matumbo ya asubuhi ambayo asili yake ilikuwa choo kisicho na komeo.

Uliza pia kuhusu geti. Ikiwa wanaochelewa wanachapwa, basi mtoto wako yuko kwenye mzunguko mbaya: tumbo linamchelewesha, kuchelewa kunamletea fimbo, fimbo inaleta tumbo la kesho. Kanuni zetu za viboko za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu wa zamu kushika fimbo. Viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, vinatolewa na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, havizidi vinne, na vinaandikwa kitabuni. Nenda ukazungumze na mwalimu mkuu kwa adabu, lakini nenda.

Na ukisikia dalili yoyote kwamba kuna mtu anamshika mtoto mahali pasipostahili, awe mwalimu, dereva au ndugu, usianze kikao cha familia. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Njia zilizo mbele yako

Fimbo ya mumeo. Amekuambia samaki mkunje angali mbichi, najua, wanaume wote wa Tanga wana methali hiyo. Methali siibishii, fimbo ndiyo ninayoibishia. Z. atakwenda shule, ndiyo, kwa sababu sasa ana vitu viwili vya kuogopa na cha nyumbani kiko karibu zaidi. Atakachoacha ni kukuambia. Siku atakayokuwa na neno zito kweli, akiwa na miaka kumi au kumi na tatu, atakumbuka alivyopokelewa alipolia tumbo.

Dua ya mama mkwe. Mtoto asomewe, sikukatazi, na mama mkwe apewe heshima yake. Ila maneno ya kijicho yasisemwe mbele ya Z. Mtoto anayeambiwa kuna mtu kamtazama vibaya ameongezewa hofu ambayo hakuwa nayo jana.

Kumrudisha nyumbani. Hapa nitakuwa mkali, mwanangu, kwa sababu hii ndiyo njia unayoitumia wewe. Kila unapogeuza naye getini, tumbo linapoa. Mwili wake unajifunza kwamba shule ni hatari na dawa yake ni mama. Kesho litauma mapema zaidi, kesho kutwa litaanza Jumapili jioni unapopiga pasi sare. Huruma yako ndiyo inayoilisha hofu hiyo. Mtoto anayekosa shule wiki baada ya wiki anaachwa nyuma kusoma, na sasa anapata sababu ya kweli ya kuogopa darasa.

Kwa hiyo amini maumivu, lakini usiitii hofu. Hayo mawili yaende pamoja.

Hatua kwa hatua

Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto aitwaye Peter, hajafika miaka mitatu, aliyekuwa akipiga kelele akiona sungura. Hakuchapwa, wala sungura hakufichwa. Peter alipewa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali ndani ya kizimba. Kila akizoea, kizimba kilisogezwa kidogo. Wakati mwingine watoto wasioogopa walicheza naye mlemle chumbani. Mwisho wake alimpapasa sungura kwa mkono wake. Kazi ya kumtoa mtoto hofu bado inafanyika hivyo hivyo leo.

Kwa Z., siku za kwanza mfikishe hadi mlango wa darasa, ukae nje mpaka kengele ya kwanza. Akizoea, unaishia kwenye mwarobaini wa uwanjani. Kisha getini. Kisha anaingia na mtoto wa jirani. Asiruke hatua, na asirudishwe nyuma kwa sababu ya siku moja mbaya. Kuaga kuwe kufupi na kwa maneno yaleyale kila siku: "Najua tumbo linauma. Shule tunakwenda. Saa sita nitakuwa hapa." Na saa sita uwepo, au awepo uliyemtaja. Usimtoroke akiwa ameangalia pembeni. Ukimtoroka leo, kesho atakung'ang'ania kanga kwa mikono miwili.

Jioni, akiwa ametulia, mfundishe kupumua: avute hewa taratibu puani, kisha apulize polepole kama anayepoza uji wa moto. Afanye mazoezi siku ambazo haumwi, ili asubuhi mbaya imkute anajua. Akifika hatua mpya, msifie kwa kufika, hata kama amefika analia. Tegemea kilio kuongezeka siku za mwanzo, na kurudi kidogo baada ya kila likizo.

Jambo jingine: vitisho vya nyumbani viishe leo. "Nitamwita daktari akuchome sindano," "polisi huyo," "mumiani watakuchukua." Tunawatia hofu wenyewe kwa mdomo, halafu tunashangaa wanaogopa.

Mumeo, na msaada wa nje

Mumeo usibishane naye, mpe kazi. Yeye ampeleke Z. siku mbili kwa wiki, kwa maneno yaleyale unayotumia wewe. Mara nyingi mtoto humlilia baba kidogo kuliko mama. Akisema huu ni upuuzi, mweleze kwamba katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kikundi cha Eli Lebowitz kiliwafundisha wazazi peke yao namna ya kuacha kuilisha hofu ya watoto wao. Watoto hao, wakubwa kidogo kuliko Z., hawakukaa na mtaalamu hata siku moja, na hofu yao ilipungua sawasawa na ya wale waliotibiwa wenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2019.

Mwezi ukipita bila hata hatua moja, au Z. akiacha kula, kulala, au kuzungumza na watu, nenda Hospitali ya Bombo uulize huduma ya afya ya akili kwa watoto, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hakuna anayemwita mtoto wako kichaa. Akitamka kwamba anataka kufa, nenda siku hiyohiyo.

Bosi mpelekee ratiba iliyoandikwa: wiki hizi utachelewa kiasi hiki, na lini utaacha kuchelewa. Kisha Jumatatu, kabla ya kengele, muone mwalimu wa darasa. Usiende na malalamiko, nenda na ombi moja: ampokee Z. mlangoni kwa jina lake, na ampe kazi ya kugawa madaftari.