Nijaze Nini, Dada?

Mdogo wangu wa Ekerenyo, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu umeuliza jambo ambalo mafundi wengi hulipita bila kuuliza. Unasema una cherehani moja hapo sokoni, unashona sare za shule na kupunguza suruali za mtumba. Sasa dereva wa watalii anayekwenda Maasai Mara kila wiki amekuagiza mifuko sita ya kuegemezea kamera. Rafiki yake, mwenye leseni ya bunduki na anayelenga shabaha kwenye uwanja wa klabu, ametaka kifuko kidogo cha kuweka chini ya kitako cha bunduki. Kushona hakukusumbui. Kinachokusumbua ni tumbo la mfuko. Seremala jirani anakupa unga wa mbao bure, kaka yako anasema mchanga, mama anasema mahindi yapo ghalani. Nijaze nini, dada?

Nitakujibu kwanza, kisha tuketi tuongee. Kifuko cha bunduki kijaze mchanga mkavu uliooshwa. Mifuko ya kamera iuze mitupu, kila mmoja na mdomo wa zipu, umwambie dereva wateja wake wajaze maharagwe au mchele wakifika. Unga wa mbao mrudishie seremala, na umshukuru kwa moyo wake.

Sasa sababu zenyewe. Lugha yetu inasema kupiga risasi na kupiga picha, kitenzi kimoja, na hizi kazi mbili kweli ni ndugu. Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, mgeni unayemwona Mara ameegemeza kitu kirefu kwenye dirisha la gari ni mpiga picha na lenzi yake. Yeye na mlenga shabaha wanataka jambo lile lile: kitu kirefu kilale palepale kilipolazwa.

Hesabu hii ikukae kichwani. Bunduki imeegemezwa mbele, na nyuma kitako kimelala juu ya kifuko chako. Tuseme kati ya egemeo la mbele na kifuko kuna sentimita 50. Kitako kikizama milimita 1 tu, ule mgawanyo mdogo kabisa kwenye rula, risasi itapanda sentimita 20 kwenye shabaha iliyo mita 100. Kwa hiyo mteja wako akikosa shabaha, huenda kosa likawa kwenye tumbo la mfuko ulioushona wewe. Lenzi ndefu nayo ni vivyo hivyo: simba aliye mbali anatoka kwenye picha kwa mtikisiko ambao jicho halikuuona.

Jaribu hili jioni. Jaza gorogoro mahindi makavu, kisha chomeka vidole ndani. Vinaingia. Sasa laza kiganja chako chote juu ya mahindi yale na ukandamize. Yanakataa. Hiyo ndiyo siri ya mfuko mzuri: chembe zinasogea kidogo ili zipokee umbo la kitu, halafu zinabanana na kukaza. Unga wa mbao, sponji, pamba na mabaki ya vitambaa havifanyi hivyo. Ukivikandamiza vinabonyea, ukiachilia vinainuka. Mfuko wa namna hiyo ni mto wa kulalia, na unamnyima mtu utulivu anaoutafuta.

Mchanga una faida mbili. Ni mzito, na chembe zake zina kona, kwa hiyo zinashikana. Gorogoro ya mahindi ina kilo mbili na kidogo. Gorogoro hiyo hiyo ukiijaza mchanga mkavu inapita kilo nne. Kwa kifuko kinachokaa juu ya meza ya kulengea, uzito huo ni baraka. Mlengaji hukibana kwa mkono usiofyatua: akibana, kitako huinuka na mtutu huinama, akilegeza, mtutu hupanda. Mchanga unamtii taratibu na kubaki alipouacha.

Lakini mchanga hauji kutoka kwenye lundo la mjengo hadi kwenye mfuko wa mteja. Uoshe mpaka maji yatoke meupe, uanike juani juu ya turubai, kisha uuchekeche. Na hapa nakusihi kama dada wa tumbo moja: wakati wa kuchekecha funga pua na mdomo, kaa nje, upepo ukiwa mgongoni mwako. Vumbi la mchanga lina silika, na kulivuta kwa miaka kunaharibu mapafu uharibifu usiorudi nyuma. Kwa sababu hiyo pia, usishawishike na unga wa mawe ya sabuni kutoka Tabaka, hata ukipewa gunia zima. Ni laini mno. Utapita kwenye mshono, uingie kwenye lenzi ya mgeni na kifuani mwako.

Mbona basi mifuko ya kamera tusiijaze mchanga? Kwa sababu ya safari. Wageni wengi hufika Mara kwa ndege ndogo, na ndege hizo kwa kawaida humruhusu abiria mizigo ya kilo 15, begi la mkononi likiwemo. Kamera na lenzi zimeshakula nusu yake. Hakuna atakayebeba kilo nane za mchanga. Mfuko mtupu unakunjwa kama leso, na maharagwe yananunuliwa njiani. Tena punje moja ya mchanga kwenye kioo cha lenzi inatosha kumharibia mtu safari.

Maharagwe ni laini na ya mviringo, hukumbatia lenzi vizuri, ingawa huteleza kidogo. Mchele hushikana zaidi. Mahindi yana punje kubwa, yanaacha mianya, lakini yanafanya kazi pale ambapo hakuna kingine. Wimbi letu la Gusii hukaa vizuri mno, karibu kama mchanga, ila chembe zake ni ndogo na bei yake ni ya uji wa mtoto. Mimi ningeliacha jikoni. Punje za plastiki ni nyepesi na hazivundi, na walengaji wa nchi nyingine huzipenda. Mfuko ukipasuka nyikani, hata hivyo, zitabaki kwenye nyasi miaka na miaka. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi zetu. Tusizirudishe huko kwa mlango wa nyuma.

Adui mkubwa wa nafaka ni unyevu, na wewe unaishi kwenye milima ya chai ambako mvua haikai mbali. Niliwahi kumshonea mama mfuko wa kuegemezea mkono uliovunjika, nikaujaza mahindi niliyoyaona makavu kwa macho. Baada ya mwezi ulinuka, na nilipoufungua ndani palikuwa na ukungu na fukusi. Mama alikuwa ameulaza mkono wake hapo kila siku. Tangu hapo siamini macho, naamini chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia chumvi kavu kidogo na nafaka mpaka theluthi yake, utikise, usubiri dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye ukuta wa chupa, nafaka bado ina maji. Irudi juani.

Na nafaka iliyotumika mfukoni isirudi sufuriani. Najua inauma kutupa chakula, lakini imelala na jasho, vumbi na umande wa asubuhi, na ukungu unaleta sumukuvu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walikufa. Mwambie dereva hivyo waziwazi, maana wapo wageni wenye nia njema wanaowaachia wapishi wa kambi maharagwe yao siku ya mwisho. Vilevile asijaze mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi. Mpiga picha huegemeza shavu lake karibu na mfuko huo.

Mshono nakuachia, ila mambo matatu nitayasema. Kwanza, shona mifuko miwili: wa ndani wa marekani iliyofumwa kwa kubana, unaobeba chembe, wa nje wa turubai au mguu wa jinzi la mtumba, unaobeba msuguano. Mshono upite mara mbili. Pili, mifuko ya kamera ikate kwa umbo la tandiko la punda, tumbo moja ndani ya gari na lingine nje, ili ikae juu ya mlango bila kushikwa. Tatu, usijaze mpaka mdomo. Ukijaa sana unakuwa jiwe, kitu kinabingirika juu yake. Ukipungua sana unalala chini. Jaza kama sehemu nne kati ya tano, uutingishe, uutazame, kisha ongeza kwa kiganja.

Nimekuambia mengi kwa sababu jambo moja linanigusa. Sare ya shule mteja huikagua kwa macho, hugeuza pindo, huvuta kifungo. Mfuko uliofungwa hawezi kuukagua. Anaubeba kwa kukuamini. Ukitia unga wa mbao wa bure, siku ya kwanza hatajua. Atajua akiwa mbali, mbele ya shabaha au mbele ya chui aliyemngojea siku tatu, na wewe hutakuwepo kujieleza. Jina la fundi wa soko dogo kama letu limeshonwa kwa vitu vya namna hiyo, vile ambavyo ni yeye peke yake aliyeviona kabla mdomo haujafungwa. Kwa hiyo mwandikie mteja kikaratasi: ndani mna nini, uzito gani, na mfuko ukilowa afanyeje. Bei yako ibebe kazi hiyo. Usione haya kuitaja.

Kabla hujampigia dereva simu, fanya jaribio la mwisho. Jaza mfuko mmoja, uweke mezani. Ulaze juu yake mpini wa jembe, upande wa pili wa mpini ukae juu ya kigoda, na ncha ielekee msumari mmoja ukutani. Kisha nenda ukateke maji, ubandike chai, uinywe bila haraka. Ukirudi ukute ncha imeteremka, fungua mdomo, ongeza, anza upya. Ukikuta bado inautazama msumari ule ule, mpigie aje achukue.

Dada yako.