Shangazi, ninunue WRX ya zamani au Impreza ya juzi?

Njiapanda wa Awendo,

Barua yako nimeisoma yote, pamoja na ile sehemu uliyoikata kwa kalamu ukaiandika upya. Wacha nihakikishe nimekuelewa. Wewe ni mwalimu, umri wako miaka 39, nyumbani kwako ni Awendo. Kila asubuhi unabanwa ndani ya Probox hadi Rongo, kisha unabanwa tena ndani ya nyingine hadi shuleni kwako karibu na Rodi Kopany. Umeweka akiba ya shilingi 900,000. Kijana mmoja mjini Migori anakuuzia Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, namba yake KBT, ya buluu yenye rimu za dhahabu, kwa shilingi 850,000. Mke wako anaitaka Impreza ya kawaida ya 2018 aliyoiona kwenye yadi Kisumu, bei milioni 2.3, na Sacco imekubali kuwakopesha pesa zilizopungua. Muuzaji wa Migori anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nawe usingizi umekukimbia.

Pole, mwanangu. Lakini uniruhusu nikucheke kidogo kabla sijakushauri. Katika kurasa nne ulizoniandikia, tatu ni za WRX: mngurumo wa ekzosi, tundu la hewa juu ya boneti, jinsi ilivyoshika lami ulipoijaribu kutoka Migori hadi Uriri. Mke wako umempa mistari michache. Na Impreza ya 2018? Sentensi moja: "Ni gari tu, Shangazi." Mtu aliyekwisha kuamua haombi ushauri, anatafuta shahidi. Mimi nitakushauri hivyo hivyo.

Kwanza, usione haya kwa kulitaka gari hilo. Umesomesha wadogo zako wote, umemjengea mama nyumba Mbita, na hujawahi kununua kitu kikubwa cha kujifurahisha wewe mwenyewe. Unasema ulikuwa darasa la nne Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na kwamba Richard Burns aliposhinda na Impreza tena mwaka 2000 ulikuwa tayari umechora gari hilo nyuma ya kila daftari. Tamaa iliyokaa na mtu tangu utotoni haifi kwa kukemewa, na mimi siikemei.

Ila kumbuka jambo moja kuhusu magari hayo ya mashindano. Yalikuwa na kikosi cha mafundi kilichoyasubiri njiani na spea mkononi, na helikopta angani. Ukitaka mfano unaokufaa zaidi, rudi nyuma hadi mwaka 1993. Mkenya mwenzetu Patrick Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha cc 660 tu, akafika mwisho na kushinda daraja lake. McRae naye alikuwa na Vivio mwaka huohuo, akaenda mbio kweli, na gari likamfia njiani. Hata huko kwenye mashindano yenyewe, kufika ni ushindi.

Sasa tuje kwenye hesabu zako. Umeandika kwamba WRX itakuokolea karibu milioni moja na nusu, na ukanikumbusha kwamba ya kale ni dhahabu. Waulize watu wa Macalder, ambao dhahabu iko chini ya miguu yao: watakwambia kuipata ni kuchimba, na wengi hutoka shimoni mikono mitupu. Hiyo 850,000 ni ada ya kuingia shimoni. Kuchimba ndiko kunakofuata.

Fikiri hivi. Sheria ya Kenya, kupitia kiwango cha KS 1515 cha KEBS, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo gari la 2006 halingeweza kutua Mombasa juzi. Limekuwa kwenye barabara zetu kwa zaidi ya miaka kumi, mikononi mwa watu ambao, tuseme ukweli, hawakununua WRX ili waendeshe polepole. Injini yake, EJ20 yenye turbo, ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika ukiwa njiani, vali hugonga pistoni na injini hunoki papo hapo. Ilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, na haivumilii oili kupungua. Je, mkanda ulibadilishwa lini? Kwenye barua hujataja. Nina hakika hukuuliza, maana ulikuwa unasikiliza ekzosi.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Impreza nyingi za miaka ile ziliitwa zirudishwe na Subaru kwa sababu ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Kemikali iliyomo ndani huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko ukifyatuka siku ya ajali unaweza kurusha vipande vya chuma ndani ya gari badala ya kumlinda dereva. Joto na unyevu, mwanangu! Wewe unaishi Nyanza Kusini, na kila mwisho wa mwezi unashuka ziwani Mbita. Kabla hujatoa shilingi nyingine, chukua namba ya chasisi uulizie kwa wakala wa Subaru kama mfuko huo ulibadilishwa.

Halafu niambie, hiyo turbo utaifungulia wapi? Sheria inakuruhusu kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 ukifika vituo vya biashara, na kati ya Awendo na Rongo vituo vimefuatana kama mahindi kwenye gunzi. Toa matuta. Toa bodaboda zinazoibuka bila kutazama. Toa trekta za miwa zinazoelekea kiwanda cha sukari cha Sony zikiburuta trela jioni bila taa ya nyuma. Kinachobaki ni kipande cha kukanyagia mafuta kwa dakika moja, kisha breki. Na gari lenyewe, unasema, lilishushwa shoki likakaa chini. Mvua ikinyesha ukiwa kwenye udongo mweusi wa kwenu, vijana wa kukusukuma watakuja, lakini hawatakusukuma bure.

Usidhani namtetea mke wako kwa kila kitu. Naye ana lake la kurekebishwa. Nyote wawili mnaliita gari la Kisumu "jipya" kwa sababu lina namba ya KD. Namba ya Kenya husema gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, haisemi lilitoka kiwandani lini wala lilitembea kiasi gani. Gari hilo limetumika Japani miaka kadhaa. Mwombeni mwenye yadi karatasi ya mnada na cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla halijapakiwa melini, mlinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi. Akianza kung'ata maneno, mwageni.

Bei yake pia msiitazame kana kwamba yote ni thamani ya gari. Mwaka 2023 ushuru wa forodha wa magari yanayoingia Kenya ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini inayozidi cc 1500, kisha VAT ya asilimia 16. Mnakopa milioni 1.4, na sehemu kubwa ya deni hilo mnailipia kodi. Wewe ni mwalimu, unajua sheria ya ajira inataka angalau theluthi ya mshahara ibaki baada ya makato. Kubaki na theluthi kunaruhusiwa, lakini kuishi nayo mkiwa na watoto wawili na karo ya muhula wa kwanza ni kitu kingine kabisa.

Hata hivyo, kwa kazi unayotaka gari liifanye, Impreza za karibuni zina hoja. Injini zake za FB zinatumia mnyororo, kwa hiyo kiwewe cha mkanda kukatika hakipo. Toleo lililoanza mwaka 2016 lina mifuko saba ya hewa, mmoja wao wa kumkinga mtu anayegongwa akitembea kwa miguu, na nyingi zina kamera zinazosaidia kufunga breki. Kwenye barabara yenye watoto wa shule pande zote mbili, hilo si pambo.

Sasa nifike pale ulipokata kwa kalamu. Uliandika kwamba mke wako "hapendi ndoto zangu", ukafuta, ukaandika kwamba "hanielewi". Nimeyasoma mara kadhaa maneno yake uliyoyanukuu: "Siku hiyo Subaru iko gereji, mama atafikaje kliniki Homa Bay?" Basi. Hakusema usinunue. Hakukuita mtoto. Ameuliza swali moja, tena kuhusu mama yako mzazi mwenye shinikizo la damu, na wewe ukalisikia kama tusi kwa sababu hukuwa na jibu. Huyo mke, mwanangu, anakuelewa vizuri sana. Anajua pia kwamba kwetu gari la mtu mmoja ni gari la ukoo: Ijumaa litabeba sufuria za matanga, Jumamosi litabeba wazee, Jumapili utaombwa umkimbize mjamzito hospitalini. Nyumba yenye gari moja haiwezi kuwa na gari linalolala kwa fundi.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu. Usinunue WRX sasa, wala msiingie deni la milioni 1.4. Tafuteni Impreza ya kawaida ya mwaka 2013 au 2014, iliyoingia nchini ikapata namba za KDA hadi KDC, na mwenyewe anaiuza. Ina injini hiyohiyo ya mnyororo, bei yake iko kati ya hayo mawili, na pengo lake Sacco italiziba kwa mkopo ambao mshahara wako utaumeza bila kukabwa. Ni Subaru bado. Wavulana wa bodaboda pale Rodi Kopany hawatakupigia mbinja, lakini asubuhi utafika kengele ikiwa haijalia.

WRX isubiri iwe gari la pili. Siku mkimaliza deni, na la nyumbani likiwa linawaka vizuri uani, utanunua hiyo nyingine na mimi nitakuja niiendeshe. Siku hiyo ikifika, nenda na fundi wako, asiwe rafiki wa muuzaji. Apime kompresheni ya silinda zote nne, alale chini atazame kutu, na akuoneshe kwa macho hali ya mkanda. Itafute rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen na ulinganishe jina na kitambulisho cha anayeuza, pamoja na namba za injini na chasisi. Ukiona jina la benki kwenye logibuku, gari hilo bado lina deni la mtu. Kisha uwe na pesa za matengenezo kando, mbali na za kununulia. Asiyekuwa nazo hajafikia kumiliki turbo, amefikia kuitamani tu.

Limebaki jambo ulilolitia mwishoni kwa maandishi madogo, kana kwamba sina miwani. Umempa yule kijana shilingi 30,000 "za kushikilia gari", bila risiti, na mke wako hajui. Hilo ndilo linalokunyima usingizi, si WRX wala Impreza. Huenda ukarudishiwa, huenda usirudishiwe. Vyovyote iwavyo, atakayeambiwa kwanza ni mke wako, leo jioni, kabla hajasikia kwa jirani. Mwambie bila kuzungukazunguka, kisha umjibu lile swali la kliniki. Kesho asubuhi mpigie muuzaji umwambie hununui, na uombe pesa zako. Usingoje Jumamosi.