SOMO: Kikapu cha Kilimo Hai, Kutoka Makindu Hadi Mlangoni kwa Mteja



Siku hizi mtu wa Nairobi anaweza kukaa kwake nyumbani, akafungua simu, akachagua papai, ndengu, asali na mboga zilizolimwa bila kemikali, akalipa kwa M-Pesa, na kesho yake mtu wa boda boda akabisha hodi. Je, kikundi cha hapa Makindu kinaweza kuingia katika biashara hii? Au tutatoka kwa broka na kuangukia hasara nyingine?

LENGO LA SOMO
Mwisho wa somo hili kikundi kiweze: (a) kueleza kilimo hai ni nini, (b) kujua oda ya simu inavyokwenda, (c) kupiga hesabu kabla ya kukubali oda.

1. MAMBO HAYA YALIANZA WAPI?
Jambo lenyewe si geni. Huko Japani, katika miaka ya 1970, akina mama wa mijini walianza kuogopa dawa zilizokuwa katika chakula. Wakapatana na wakulima moja kwa moja: ninyi limeni bila sumu, sisi tutanunua mavuno yenu. Mpango huo waliuita teikei. Hapakuwa na intaneti. Palikuwa na ahadi tu.

Hapa Kenya, taasisi ya mafunzo ya kilimo hai iitwayo KIOF ilianzishwa mwaka 1986. Mwaka 2005 ukaundwa mtandao wa KOAN, unaounganisha wakulima na wauzaji wa mazao hayo. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni moja ya mazao ya kilimo hai, pamoja na alama yake, Kilimohai. Mwaka huo huo M-Pesa ilianza, na malipo ya mbali yakawa rahisi. Leo wako wauzaji Nairobi, kama Greenspoon, wanaopokea oda kwa intaneti na kupeleka chakula hadi nyumbani.

2. KILIMO HAI SI KUKOSA PESA ZA MBOLEA
Wengi wetu husema, "Mimi silimi na kemikali, kwa hivyo mazao yangu ni hai." Ngoja kwanza. Kukosa pesa za kununua mbolea ya dukani si sawa na kufuata kanuni. Angalia milango hii mitatu ambayo kemikali hupitia bila sisi kujua:

- Mbegu. Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa. Ndiyo maana zina rangi nyekundu au kijani.
- Jirani. Akipiga dawa siku ya upepo, shamba lako pia linapata. Panda ua mnene mpakani, na zungumza naye mapema.
- Ghala. Hapa ndipo ndengu nyingi huharibikiwa. Umelima vizuri, umevuna vizuri, halafu unaogopa fukusi na kunyunyiza dawa ya unga. Hapo ndengu hizo si hai tena. Anika zikauke sawasawa, kisha tumia magunia yasiyopitisha hewa. Fukusi hufa kwa kukosa pumzi.

Shambani, tumia samadi na mboji, badilisha mazao kila msimu, na wadudu wapigwe kwa maji ya mwarobaini. Kwa maembe, okota matunda yote yaliyoanguka na uyazike kwa kina, maana nzi wa matunda huzaliana humo. Pia kuna kipindi cha mpito: shamba lililozoea kemikali haliwi hai kwa siku moja, na mazao ya kipindi hicho hayauzwi kwa jina la hai.

3. NANI ATATUTHIBITISHIA?
Mteja haoni shamba. Anaona picha kwenye simu. Basi ananunua neno letu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni wakaguzi wa kampuni, ambao gharama yao ni kubwa kwa kikundi kidogo. Ya pili ni wakulima wenyewe kukaguana kwa utaratibu ulioandikwa: kila mmoja anaweka ahadi, shamba lake linatembelewa na wenzake, na matokeo yanaingizwa katika daftari. Hii ya pili inatufaa sisi watu wa mwethya. Tunajua kufanya kazi pamoja, leo shamba la huyu na kesho la yule.

Lakini njia hii ina ugumu wake. Tuseme umetumwa kukagua shamba la shemeji yako, na nyuma ya choo unakuta chupa ya dawa. Utaandika, au utanyamaza? Ukinyamaza, umemsaidia mtu mmoja na kuwauza wengine wote. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa hiyo kikundi kikubaliane adhabu mapema, kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, na mkaguzi asitumwe kwa jamaa yake.

4. TUPELEKE NINI?
Makindu ni kwenye joto, na Nairobi ni karibu kilomita 170. Mchicha uliochunwa asubuhi utafika umelala. Mboga za majani tuwaachie wateja wa hapa karibu. Tupeleke vinavyostahimili safari: ndengu, mbaazi kavu, asali, ndimu, maboga, maembe na papai yaliyoanza tu kugeuka rangi.

5. ODA INAVYOKWENDA
(i) Kikundi kinatangaza kilichopo na bei. Usitangaze embe lililo bado ua.
(ii) Oda zinafungwa siku moja maalum ya wiki.
(iii) Mteja analipa kwanza, kwa namba ya kikundi, si ya mwenyekiti. Mweka hazina aangalie salio lenyewe, asiamini ujumbe tu, maana wako wanaotuma ujumbe bandia.
(iv) Mnavuna kiasi cha oda, mnachagua, mnapima, na kila katoni inaandikwa jina la mkulima. Lalamiko likija, mtajua ni la nani.
(v) Mzigo unapanda gari alfajiri, kabla ya jua.

6. HESABU KWANZA
Hapa tumetunga mfano tu. Ninyi wekeni bei zenu.

Oda ni vikapu 20, kila kimoja Sh 1,000. Mapato ni Sh 20,000. Gharama ni hizi:
Gari hadi Nairobi: Sh 2,000
Boda boda 20 kwa Sh 250: Sh 5,000
Katoni 20 kwa Sh 50: Sh 1,000
Simu na M-Pesa: Sh 400
Vikapu 2 vilivyorudishwa: Sh 2,000
Jumla: Sh 10,400

Zinabaki Sh 9,600. Broka angelipa Sh 8,000 kwa mazao hayo hayo. Mmepata Sh 1,600 zaidi.

Sasa oda iwe vikapu 10. Mapato ni Sh 10,000. Gari ni ile ile Sh 2,000, boda boda Sh 2,500, katoni Sh 500, simu Sh 400, kikapu kimoja kimerudi Sh 1,000. Jumla Sh 6,400. Zinabaki Sh 3,600. Broka angetoa Sh 4,000. Hapo mmefanya kazi zaidi ili mpate kidogo zaidi ya hasara? Hapana, mmepata hasara yenyewe: Sh 400.

Mmeona mahali pesa zinapopotelea? Ni ile safari ya mwisho, ya mlango kwa mlango. Kama wateja 10 wa mtaa mmoja watakubali kuchukua vikapu vyao mahali pamoja, na boda boda ikabeba vyote kwa safari mbili za Sh 250, gharama inashuka hadi Sh 4,400. Zinabaki Sh 5,600. Oda ile ile iliyoleta hasara sasa inamshinda broka kwa Sh 1,600.

Basi msikimbilie kupata wateja wengi waliotawanyika. Anzeni na wachache wanaoishi karibu karibu. Huenda ni watoto wetu wenyewe walioko Nairobi, pamoja na majirani zao. Na yote yaandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika kikundi chetu, kemikali inaweza kupitia mlango gani kati ya ile mitatu?
2. Mwanachama akikutwa na dawa, tutafanya nini mara ya kwanza? Na mara ya pili?
3. Ni mazao gani mawili tunaweza kuahidi kila wiki kwa miezi mitatu bila kukosa?
4. Pigeni hesabu ya sehemu ya 6 kwa bei za hapa kwetu. Oda ndogo kabisa tunayoweza kukubali ni ya vikapu vingapi?

Katibu aandike majibu, na yasomwe tena katika mkutano utakaofuata kabla ya kupokea oda yoyote. Kazi njema.