Mtoto Mtoro na Sheria: Mambo Yanayowapasa Wazazi wa Kibokoni Kuyajua

Huko Kibokoni, nyuma ya Ndia Kuu, nyumba zimekaribiana hata mtoto akichelewa kurudi jioni, jirani hujua kabla ya babaye. Lakini mtoto akiacha shule, akalala nje na kushinda na wavuta unga, mara nyingi nyumba hufunga mdomo. Mama huogopa aibu. Baba hudhani kwamba kumwendea Afisa wa Watoto ni kumshitaki mwanawe. Dhana hiyo imewaponza wengi, maana mtoto aliyefichwa nyumbani huja akajulikana kituo cha polisi.

Dhana hiyo ina asili yake. Sheria iliyotungwa mwaka 1963 ilimweka mtoto aliyewashinda wazazi katika fungu la wanaohitaji “kinga au nidhamu”, na watu walilisikia neno la pili zaidi kuliko la kwanza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ililiacha neno nidhamu. Ilimtaja mtoto mtoro wa shule, au anayeingia katika urafiki mbaya, kuwa ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Sheria ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi yake, imeendeleza fikira ya matunzo na ulinzi, tena imepandisha umri wa kuweza kushitakiwa kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kutoroka nyumbani peke yake si kosa la jinai kwa mtoto yeyote.

Kwa upande wa shule, lawama humwelekea mzazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humtaka mwalimu mkuu achunguze sababu ya mwanafunzi kukosa masomo. Ikiwa hakuna sababu ya haki, humwandikia mzazi barua na kuipa Bodi ya Elimu ya Kaunti habari. Mzazi anayepuuza aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Barua hiyo basi si ya kuwekwa chini ya mto.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 13 aliyewashinda baba, mama, hata mjomba wake. Mzazi humwendea Afisa wa Watoto akaeleza yote bila kuficha. Mengi huweza kutengenezwa hapo hapo kwa mashauri. Yakishindikana, jambo hupelekwa katika Mahakama ya Watoto, ambayo kwa Mombasa iko Tononoka. Hakimu aweza kuamuru kijana awe chini ya uangalizi wa afisa huku akiendelea kulala kwao. Uangalizi huo haumwondolei mzazi kazi yake: yeye ndiye bado wa kumlisha na kumpeleka shule. (Wako wanaotaka Serikali iwachukulie mtoto moja kwa moja, hilo silo kusudi la sheria.)

Shule ya kurekebishia tabia, kama ile ya Likoni, haipokei mtoto kwa ombi la mzazi aliyekasirika, bali kwa amri ya mahakama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inaagiza kwamba mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zikishindwa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na kando ya watu wazima.

Asiyeweza kufika ofisini aweza kupiga simu nambari 116, bila malipo.