Mashine ya kunyolea ya mtumba: doa lipi ni la kuogopa?

Swali: Nimenunua Mbarara mashine ya kunyolea ya mtumba, ile ya kufungua na kutia wembe wa makali mawili. Ina madoa meupe, na pengine rangi ya fedha imebanduka. Niisugue kwa msasa? – Msomaji, Nakivale

Jibu: Weka msasa chini, ndugu. Ule mng'ao ni ngozi nyembamba sana ya kromu au nikeli, na ukishaikwangua hairudi.

Madoa meupe mara nyingi ni chokaa ya maji na sabuni kavu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Pakibanduka ukaona umanjano, hiyo ni shaba tu, haina neno. Ukiona vishimo vya kijivu vinavyotoa unga, ni aloi ya zinki inayolika. Haina dawa, na ukijaribu kuisafisha kwa siki utaimaliza upesi.

Sasa pitisha pamba taratibu kwenye ukingo unaogusa shavu. Nyuzi zikinasa, itakukwaruza, usiitumie. Kwenye mpini, hata mikwaruzo mia ni sura tu. Tia wembe uangalie kama umetokeza sawasawa pande zote mbili. Ukikaa upande, huenda kichwa kimepinda.

Kabla ya kunyoa, ifungue yote, ioshe, uifute kwa spiriti, na utie wembe mpya. Wala usimwazime mtu, hata wa nyumba moja: kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.