Timu Iliyoshindwa Mara 121



Katika somo letu la leo tutasafiri mbali kidogo. Tutakwenda Marekani, katika mji wa Chicago, tukaitazame timu moja ya mchezo uitwao besiboli. Timu yenyewe ni Chicago White Sox, maana yake Soksi Nyeupe. Mwaka 2024 timu hii ilishindwa mara 121 katika msimu mmoja. Loh! Mara 121.

Mtu aweza kutuuliza: mbona mnatusomesha habari za walioshindwa, hali walioshinda wapo? Tumeichagua timu hii kwa sababu kushindwa kwake hakukuja siku moja. Kulikuja polepole, mwaka baada ya mwaka, na kumeandikwa kwa tarakimu ambazo sisi wenyewe tunaweza kuzisoma na kuzijumlisha. Basi chukua daftari na kalamu.

Kwanza tuujue mchezo. Timu ni mbili, na kila moja ina wachezaji 9 uwanjani. Timu moja inapiga, nyingine inalinda. Mrushaji wa timu inayolinda anasimama kama mita 18 kutoka kwa mpigaji. Anarusha mpira mdogo mgumu, na mara nyingi mpira huo huenda kwa mwendo unaozidi kilomita 150 kwa saa. Hakuna basi la kijijini kwetu lililowahi kukimbia hivyo, hata siku lilipokosa breki. Mpigaji anangoja na rungu la mti mikononi. Akiupiga mpira vizuri, analitupa rungu na kukimbia. Kuna vituo vinne vya kuzunguka, na cha nne ni pale pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akifika nyumbani salama, timu yake imepata bao moja. Wapigaji watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Hufanya hivyo kwa duru 9. Wakilingana mabao, wanaendelea kucheza mpaka mmoja ashinde. Kwa hiyo katika mchezo huu hakuna kujificha nyuma ya sare. Kila siku ya mchezo timu inarudi na ushindi, au inarudi mikono mitupu.

Msidhani mchezo huu haujafika kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Marekani kushindana katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko.

Sasa tuje kwenye hesabu. Katika ligi kubwa ya Marekani kuna timu 30, na kila timu hucheza mara 162 kwa msimu. Msimu huanza mwisho wa Machi na kwisha mwisho wa Septemba. Yaani wanacheza karibu kila siku, kama mtu anayekwenda shambani. White Sox walishinda mara 41 na kushindwa mara 121. Jumlisha uone kama tunasema kweli: 41 na 121 ni 162. Sasa gawanya. Utaona kwamba katika michezo minne, walishinda mmoja tu, hivi.

Lakini hesabu hiyo haitoshi. Ni lazima tuulize, je, wengine hushindwa mara ngapi? Katika besiboli hata walio bora hushindwa sana. Mwaka huo huo wa 2024 Los Angeles Dodgers walitwaa ubingwa, na kabla ya mashindano ya mwisho walikuwa wameshindwa mara 64. Bingwa ameshindwa mara 64! Mpigaji hodari kabisa hushindwa kupiga vizuri mara 7 katika kila 10. Kwa hiyo kushindwa si ajabu katika mchezo huu. Ajabu ni kushindwa mara 121.

Tangu mwaka 1901, ligi hizi mbili kubwa zilipoanza kwenda pamoja, hakuna timu iliyowahi kushindwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. Waliokuwa wakishikilia aibu hiyo ni New York Mets, walioshindwa mara 120 mwaka 1962. Lakini Mets walikuwa na sababu. Mwaka ule ndio kwanza timu inaundwa, nao wakapewa wachezaji ambao timu nyingine zilikubali kuwaachia. White Sox si timu changa. Walikuwa mabingwa mwaka 1917, na tena mwaka 2005. Uwanja wao uko upande wa kusini wa mji wa Chicago, ambako kwa miaka mingi waliishi wafanyakazi wa machinjio na wa viwanda vya chuma. Papa Leo wa 14, aliyezaliwa Chicago, ni mshabiki wao. Mwaka 2005, akiwa bado padre, picha za televisheni zilimwonyesha ameketi kati ya watazamaji katika mchezo wa fainali. Naam, hata yeye imembidi avumilie.

Basi nyumba hii iliingiaje ufa? Andika tarakimu hizi katika daftari, moja chini ya nyingine. Mwaka 2021 walishinda mara 93 wakawa wa kwanza katika kundi lao. Mwaka 2022 mara 81. Mwaka 2023 mara 61. Mwaka 2024 mara 41. Toa uone. Kutoka 81 hadi 61 wamepungua 20. Kutoka 61 hadi 41 wamepungua tena 20. Ni kama ngazi inayoteremka kisimani.

Mwaka 2023, walipokwisha kuona maji yanazidi, mwenye timu aliwaachisha kazi wakubwa wawili waliosimamia usajili wa wachezaji. Mwenye timu ni Jerry Reinsdorf, aliyeinunua pamoja na wenzake mwaka 1981. Msimamizi mpya, Chris Getz, aliamua kuuza wachezaji wazuri ili apate vijana wa kulelewa. Machi 2024, kabla msimu haujaanza, mrushaji hodari Dylan Cease alipelekwa San Diego. Hapo twapaona pagumu. Mkulima akiuza ng'ombe wa maziwa anunue ndama, huenda amefikiri vema. Lakini mwaka huo watoto watakunywa nini?

Aprili ikaingia na balaa lake. Luis Robert aliumia, Yoán Moncada akaumia, nao ndio waliotegemewa. Katika michezo 25 ya kwanza White Sox walishinda 3 na kushindwa 22. Mei na Juni wakashindwa mara 14 mfululizo. Watu wakasema sasa wamefika chini kabisa. Kumbe bado. Kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5 walishindwa mara 21 mfululizo. Julai ilipokwisha wakauza wengine tena. Mmoja wao, mrushaji Michael Kopech, alipelekwa kwa hao hao Dodgers, na Oktoba akawa bingwa. Amevuka mto kwa kubadili mtumbwi tu.

Agosti 6, katika mji wa Oakland, walishinda 5 kwa 1. Walishangilia kama watu waliotwaa kombe. Siku mbili baadaye kocha wao, Pedro Grifol, akaachishwa kazi. Alikuwa ameshinda mara 28 na kushindwa mara 89. Akaja kocha wa muda, Grady Sizemore, aliyekuwa mchezaji maarufu zamani. Naye akashinda 13 na kushindwa 32. Linganisha hesabu za hao wawili, halafu useme kama kosa lilikuwa la kocha. Sisi tunaona kocha hakuwa na watu wa kupiga. Timu ilipata mabao 507 kwa msimu mzima, machache kuliko timu zote 30. Hayo ni mabao 3 na kidogo kwa kila mchezo. Wapinzani wao walipata 5.

Mwishoni mwa Septemba walirudi Chicago wakiwa wameshindwa mara 120. Wakicheza na timu ya Angels, wengine walikuja uwanjani makusudi kushuhudia ile ya 121. Watazamaji walipaza sauti wakimtaka mwenye timu aiuze. Na hapo ndipo vijana wale walipoonyesha kitu. Walishinda siku ya kwanza, wakashinda ya pili, wakashinda ya tatu. Msitusikie vibaya: mchezaji wa ligi ile halali njaa. Mshahara wa chini kabisa mwaka 2024 ulikuwa dola 740,000. Hata hivyo, kuamka asubuhi na kuvaa sare mbele ya watu waliokuja kutazama unavyoanguka si jambo dogo, uwe na fedha au usiwe nazo. Anayeumia zaidi pengine ni muuza soda na soseji wa uwanjani, maana yeye hutegemea watu waje, na hakuna aliyemwuliza kabla ya kuuza warushaji.

Siku ya Septemba 27 wakashindwa Detroit, 4 kwa 1. Ikawa 121. Detroit wenyewe waliwahi kushindwa mara 119 mwaka 2003, na usiku ule ule wa 2024 walikuwa wakisherehekea kuingia katika mashindano ya ubingwa. White Sox wakacheza michezo miwili iliyobaki, wakashinda yote miwili.

Eti mtauliza, je, wa mwisho hapewi msaada? Kwa desturi ya Marekani timu dhaifu huwahi kuchagua vijana wapya. Lakini ipo kanuni inayozizuia timu za miji mikubwa kupata nafasi za juu miaka miwili mfululizo. White Sox walikuwa wa 5 kuchagua mwaka 2024. Kwa hiyo mwaka 2025, baada ya kushindwa kuliko wote, walichagua wa 10.

Mwaka huo wa 2025 walishinda mara 60 na kushindwa 102. Bado ni vibaya. Ila ngazi sasa inapanda.

Maswali ya kujibu katika kikundi chenu:

Kutoka 41 hadi 60 wameongeza ushindi mara ngapi? Wakiongeza kiasi hicho hicho mwaka baada ya mwaka, itawachukua miaka mingapi kuzidi ule ushindi wa mwaka 2021?

Mwaka 1899 timu ya Cleveland Spiders ilishindwa mara 134 na kushinda 20. Wenye timu walikuwa wamenunua timu nyingine huko St. Louis, wakawahamishia huko wachezaji wote wazuri. Jadilianeni: timu iliyouza ng'ombe ili kununua ndama, na timu iliyohamishiwa ng'ombe wake katika zizi jingine la tajiri yule yule, je, zimefanyiwa jambo moja? Msomaji mmoja aandike majibu ya kikundi, na mwingine ayasome kwa sauti.