Nafasi ya Mwombaji: Ombi la Msaada katika Nyimbo za Ibada za Kilingala

1.0 Utangulizi

Kilingala na Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kilingala kimetumika kanisani kwa zaidi ya karne moja. Mmisionari Mbelgiji Égide De Boeck alichapisha sarufi yake mwaka 1904. Nyimbo za ibada zinazotungwa Kinshasa kwa lugha hiyo huimbwa pia Goma, Bukavu na Lubumbashi, ambako waumini wengi huzungumza Kiswahili. Kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu, ni rahisi kudhani kwamba kuzifasiri nyimbo hizo ni kubadilisha maneno tu. Makala haya yanadai kwamba sivyo: ombi, ambalo ndilo kiini cha nyimbo nyingi kati ya hizo, hujengwa kwa namna tofauti, na tofauti hiyo humgusa mwombaji mwenyewe.

2.0 Vitenzi vya Kuomba

Vitenzi vikuu vya ombi katika Kilingala ni vya mnyambuliko. Tuchukue mifano mitatu:

(a) sala 'fanya' > salisa 'saidia'
(b) bika 'pona' > bikisa 'okoa'
(c) yoka 'sikia, hisi' > yokela (mawa) 'hurumia'

Mfano (a) na (b) ni ya kauli ya kutendesha. (C) ni wa kauli ya kutendea. Jozi (b) inalingana na pona/ponya ya Kiswahili. Jozi (a) haina mwenzake, kwani saidia ina asili ya Kiarabu. Kwa asili ya neno, anayeomba kwa salisa anaomba awezeshwe kutenda. Hata hivyo, haimaanishi kwamba kila mwimbaji huikumbuka asili hiyo.

3.0 Mahali pa Mwombaji

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya kisintaksia. Katika nisaidie, mwombaji ni kiambishi ni-, kilichofungwa ndani ya kitenzi na kisichobeba mkazo. Kilingala hakina kiambishi cha yambwa isipokuwa mi- ya kujirejea. Husema salisa ngai, ambapo ngai 'mimi' ni neno kamili linalofuata kitenzi. Kwa hiyo ngai laweza kuvutwa kwa sauti ndefu, kurudiwa na kwaya, au kupisha biso 'sisi', na kitenzi kisibadilike hata kidogo.

Mfasiri anayetaka kuijaza noti hiyo ndefu huvutiwa kuandika nisaidie mimi. Lakini katika Kiswahili, kiwakilishi kikiongezwa juu ya kiambishi huleta msisitizo au ulinganishi: mimi, wala si mwingine. Ombi la unyenyekevu huweza kusikika kama dai la upendeleo.

4.0 Hitimisho

Njia mojawapo ni kulipa jina la mwombwa noti ya ngai: nisaidie, Bwana. Maana hubaki salama na kiburi huepukwa. Hata hivyo, wimbo uliokuwa ukiishia kwa mhitaji sasa unaishia kwa msaidizi. Badiliko hilo si kosa, ila ni badiliko. Na mfasiri anapaswa kulifanya kwa kujua anachokiacha.